Mtani Aliyekaa Kaburini

Nilipokuwa shule ya msingi, neno utamaduni lilikuwa na maana moja tu kichwani mwangu. Wageni walipotangazwa kuja, wanafunzi kumi na wawili walifungwa kaniki viunoni na njuga miguuni, wakacheza ngoma mbele ya meza kuu, wageni wakapiga makofi, kisha kaniki na njuga zikarudishwa katika kabati la ofisi ya mwalimu mkuu kusubiri wageni wengine. Siwalaumu walimu wangu, kwa sababu taifa zima lilianza safari yake likiwa na donda katika jambo hilohilo. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kwamba ameunda wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, akaeleza kwa uchungu jinsi wasomi wa siku zile walivyojua kucheza rumba na waltz huku wengi wao wakiwa hawajapata hata kuzisikia ngoma za kwetu kama Gombe Sugu, Mangala, Kiduo au Lelemama. Hoja yake ilikuwa ya haki. Lakini kwa sisi tuliozaliwa baadaye, kilichotufikia kutoka katika hoja ile ni ngoma peke yake, tukakua tukidhani kwamba utamaduni ni vazi la siku ya sherehe, na kwamba siku nyingine zote mtu huishi tu, bila utamaduni wowote.

Nilianza kuachana na fikra hiyo mwaka 2004, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni ninasoma sosholojia, na lazima niseme kwamba madaftari ya darasani hayakunitosha. Kilichonifungua macho ni msiba wa mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, kijijini huko Kisarawe. Baba yangu ni mtu wa bara, mama ni Mzaramo, nami nililelewa Dar es Salaam katika nyumba ya kupanga yenye watu wa makabila sita, kwa hiyo Uzaramo niliufahamu wakati wa likizo tu: mihogo, maembe, na bibi anayeamka kabla ya jogoo.

Tulifika asubuhi mapema. Wanaume walikuwa wamekaa juu ya majamvi chini ya mwembe, wanawake ndani na uani, na nilichokiona kwanza, ingawa sikujua bado kwamba nimekiona, ni kwamba kilio kilipanda kila gari lilipoingia na kikashuka wageni wakishakaa. Yapata saa nne nikasikia kicheko. Mwanamke wa makamo alitoka chumbani amevaa koti la mjomba, kofia ya mjomba imemziba nyusi, bakora ya mjomba mkononi, anachechemea mguu wa kushoto kama alivyochechemea mjomba tangu alipoanguka kutoka juu ya mnazi. Akasimama mlangoni, akakohoa mara tatu kikohozi kilekile tulichokijua sote, akasema kwa sauti nzito: "Mnalia nini ninyi? Chai yangu iko wapi? Na wewe fundi baiskeli, ile elfu saba umekuja nayo?" Watu walicheka machozi yakiwa bado mashavuni. Mama yangu, ambaye tangu jana yake hakuwa ameweza hata kunywa maji, alicheka mpaka akashikiliwa, kisha akalia upya, kilio kirefu, halafu akaomba uji.

Mimi sikucheka. Na tulipofika makaburini baada ya sala ya adhuhuri, jeneza likiwa limekwisha kuwekwa chini kando ya kaburi, mzee mmoja Mnyamwezi, kaka wa mwanamke yule, aliteremka kaburini, akakaa, akakunja mikono. "Nyumba hii nimeichimba mimi," akasema. "Anayeitaka anilipe kodi ya miezi sita, mkononi." Vijana wakaanza kurusha noti na sarafu, yeye akazihesabu kwa sauti na kusema hazitoshi. Shekhe alitazama chini, akatazama jua, akasema taratibu kwamba maiti haicheleweshwi. Hapo ndipo mimi, kwa hasira ya kijana aliyefiwa, nilipopaza sauti: "Mzee, toka humo! Huna adabu!"

Kicheko kilikatika. Hakuna aliyemtazama mzee aliyekuwa kaburini; wote walinitazama mimi. Babu mdogo alinishika mkono juu ya kiwiko, akaninong'oneza, "Baba, umemkosea mtani." Jioni ile kikao kidogo cha wazee kilinitoza faini ya jogoo mmoja, wa kuletwa siku ya arobaini.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi kwa miaka yote hii, kwa sababu ndani yake mna karibu kila dhana ambayo sosholojia hutufundisha ili tuweze kuuelewa utamaduni, na kwa sababu lilinifundisha namna ya kuzitumia. Mtu akitaka kuujua utamaduni wa mahali, asianze kuuliza watu wanathamini nini, maana atajibiwa majibu mazuri ya kupokelea mgeni. Atafute kanuni inapovunjwa, kisha aangalie nani anaruhusiwa kuivunja na nani anaadhibiwa. Siku ile mtu mmoja alivaa nguo za marehemu na mwingine akakaa katika kaburi lake, lakini aliyeonekana amekosa adabu ni mimi niliyetetea adabu.

Niseme kidogo kuhusu utamaduni wenyewe. Maana ambayo wanafunzi wengi hukutana nayo kwanza ni ile aliyoitoa Mwingereza Edward Tylor mwaka 1871, kwamba utamaduni ni mkusanyiko wa maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, desturi na uwezo na mazoea mengine yote ambayo mtu huyapata kwa kuwa mwanajamii. Wengi hukariri orodha ile na kuliruka neno lenye uzito, yaani kuyapata. Hakuna anayezaliwa nayo. Wazaramo, kwa asili, huhesabu ukoo upande wa mama, kwa hiyo kwa hesabu hiyo mimi nilikuwa mtu wa ukoo wa marehemu kuliko hata watoto aliowazaa mwenyewe; damu yangu ilikuwa mahali pake, lakini damu haikuniambia lolote kuhusu watani. Watoto wa pale kijijini, wa miaka saba au minane, walijua la kufanya: walichekelea, wakakimbia kuomba sarafu kwa wakubwa ili wamrushie mzee. Wao walikuwa wamepitia kile ambacho wanasosholojia hukiita ujamiishaji, yaani kufinyangwa kuwa mtu wa jamii fulani kwa kuona, kukemewa, kusifiwa na kuigiza, kazi ambayo huanza mtoto akiwa mgongoni mwa mama na haishi mpaka uzee. Sehemu yake hufanywa waziwazi, kama katika jando na unyago ambako kuna walimu, nyimbo na mafumbo. Lakini sehemu kubwa zaidi hufanyika bila mtu yeyote kujua kwamba anafundisha.

Nililoshtushwa nalo zaidi ni kilio kile kilichopanda na kushuka kwa kufuata magari. Kwa muda niliona aibu hata kulifikiria, kana kwamba kulitambua ni kuwashutumu shangazi na mama zangu wadogo kwa unafiki. Baadaye nilikutana na fikra za Mfaransa Émile Durkheim, ambaye mwaka 1912 aliandika kwamba maombolezo hayatoki tu kama mchuruziko wa huzuni ya mtu mmoja mmoja. Ni wajibu ambao jamii huwapa watu wake. Tangu mwaka 1895 alikuwa ameshasema kwamba yako mambo ya kijamii ambayo huwa nje ya mtu binafsi na humlazimisha, mithili ya ukuta unaougusa pale tu unapojaribu kuupita. Wanawake wale walikuwa na huzuni ya kweli, hilo sina shaka nalo hata chembe. Lakini lini kulia, kwa sauti gani, kukaa wapi, kumpokea nani kwa kilio na nani kwa kupeana mkono, hayo hayakutoka moyoni mwa yeyote kati yao. Walirithishwa, na urithi huo uliwabeba wakati ambapo mioyo yao isingeweza kujibeba.

Urithi huo ndio tunaouita kaida. Mmarekani William Graham Sumner, mwaka 1906, alitenganisha kaida nyepesi na kaida nzito, na mgawanyo huo unatufaa ingawa mpaka wake si mstari ulionyooka. Mtu akila pilau ya msibani kwa kijiko wakati wenzake wote wanakula kwa mkono, atatazamwa tu, pengine ataambiwa "wa mjini huyo" na mambo yataishia hapo. Mtu asipohudhuria kabisa misiba ya majirani, mwaka baada ya mwaka, hilo ni jambo jingine. Kila mtaa ninaoufahamu una hadithi ya mtu wa namna hiyo, ambaye siku alipofiwa majirani walifunga milango yao, au walikuja wakakaa kimya bila kushika jembe wala sufuria, mpaka alipotafuta mzee wa kumwombea radhi. Hapakuwa na polisi wala hakimu, bali jembe lililobaki limeegemezwa ukutani. Sosholojia ina neno pana la vidhibiti kwa haya yote, kuanzia jicho la pembeni mpaka kutengwa, na pia kwa yale ya upande wa pili, sifa na tabasamu na kuitwa mtu mwenye utu. Jogoo wangu alikuwa kidhibiti cha kati: si kizito cha kunifukuza, si chepesi cha kusahaulika.

Kwa nini basi kaida hazionekani mpaka zivunjwe? Harold Garfinkel, aliyefundisha Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, aliwatuma wanafunzi wake warudi majumbani mwao na kwa muda mfupi, kati ya robo saa na saa nzima, wajifanye wapangaji: waombe ruhusa ya kufungua jokofu, wawaite wazazi kwa adabu ya mgeni, wasizungumze mpaka wasemeshwe. Familia zilichanganyikiwa na nyingine zikakasirika. Wazazi waliuliza kama mtoto anaumwa au ana wazimu. Jaribio lile lilionyesha jinsi maisha ya kila siku yanavyosimama juu ya makubaliano ambayo hakuna aliyewahi kuyatia sahihi. Naliheshimu jaribio hilo, lakini kila ninapolifundisha kwa vijana huwaambia kwamba mababu zetu walikuwa na kitu kilichokwenda mbali zaidi, nacho ni utani: uvunjaji wa kaida ambao wenyewe ni kaida, wenye watu wake maalumu, mahali pake, mipaka yake na hata faini kwa asiyeupokea.

Utani una matabaka, na ni vema kuyatenganisha kidogo. Uko utani wa ndani ya ukoo, ambapo babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu" na mjukuu hujibu kwamba hamtaki mzee asiye na meno, na wote waliopo huona upendo katika maneno ambayo yangetoka kwa baba yangekuwa laana. Uko utani wa mabinamu na wa mashemeji. Na uko utani wa makabila: Wapare na Wachaga, Wagogo na Wanyamwezi, Wazaramo na watu wa Unyamwezi na Usukuma, na wengine wengi. Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kuhusu uhusiano wa namna hii, akaueleza kuwa ni mchanganyiko wa urafiki na uhasama, yaani ukosefu wa heshima unaoruhusiwa. Jambo aliloliona vizuri, kwa maoni yangu, ni kwamba utani na adabu kali ya mkwe ni ndugu wa tumbo moja. Mkwe na mtani wote ni watu ambao uko karibu nao na mbali nao kwa wakati mmoja, na ukaribu wa aina hiyo huzaa ugomvi kwa urahisi. Kwa mkwe tunauzuia ugomvi kwa kujitenga, kumpisha njia, kutokula naye na kutomtazama usoni. Kwa mtani tunauzuia kwa kuufanya mchezo kabla haujawa vita.

Tukienda kwenye historia, jambo hili linagusa zaidi. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walibeba meno ya tembo kutoka bara mpaka Bagamoyo, mwendo wa miezi, wakipita katika nchi za watu. Ugogo walitozwa hongo, ambayo wakati ule ilikuwa ushuru wa njia uliotozwa hadharani na watemi, na ambayo leo, kwa safari ndefu ya neno, imekuwa jina la rushwa inayotolewa kwa kificho. Walihitaji maji, chakula na mahali pa kulala, na mpagazi akifia njiani alihitaji mtu wa kumzika mahali ambapo hana ndugu hata mmoja. Wazee wengi husema kwamba utani wa makabila mengi ulizaliwa katika njia hizo, na mwingine katika vita, baada ya watu waliopigana kupatana. Ndiyo maana mtani hana haki ya kucheka tu, ana wajibu. Mzee yule aliyekaa kaburini alikuwa ameamka saa kumi usiku na kulichimba, na dada yake, kabla ya kuvaa koti la mjomba, alikuwa ameosha masufuria na kupanga mafiga matatu ya kupikia. Mimi nilikiona kicheko bila kuliona jembe. Hapa nakumbuka kwamba hata katika soka letu tunaziita Yanga, iliyoanzishwa 1935, na Simba, iliyoanzishwa 1936, watani wa jadi, na neno hilo limechaguliwa kwa usahihi kuliko wengi wetu tunavyofikiri, kwa kuwa adui humtakia mwenzake afe, na mtani humhitaji mwenzake aendelee kuwapo.

Kuna jozi nyingine ya dhana ambayo bila hiyo nisingemwelewa mwanamke yule: hadhi na dhima. Hadhi ni nafasi ambayo mtu anaishika katika jamii, na dhima ni yale yanayotarajiwa kutoka kwa mwenye nafasi hiyo. Ralph Linton, mwaka 1936, alitofautisha hadhi ambazo mtu hupewa kwa kuzaliwa na zile anazozipata kwa juhudi zake. Mjomba kwa Wazaramo alikuwa hadhi nzito. Ndiye aliyesimama katika mambo ya watoto wa dada zake, na ndiyo sababu mama yangu alilia kama aliyeondokewa na kaka na mzazi kwa pamoja. Mtani pia ni hadhi, ya kuzaliwa nayo, na yule mama hakuwa anafanya mzaha kama mtu binafsi. Kesho yake asubuhi nilikutana naye kisimani. Nilimwamkia kwa shingo upande, akaniitikia "marahaba, mwanangu" kwa upole kabisa, akaniuliza kama mama amelala, akaniambia kwamba marehemu ndiye aliyempa kiwanja cha nyumba yake na kwamba usiku kucha hakufumba macho. Nilibaki na ndoo mkononi nikitafuta neno. Yule niliyemwona jana amevaa koti hakuwa muigizaji aliyeficha ukosefu wa huzuni. Alikuwa mfiwa anayetimiza dhima ngumu kuliko yangu.

Hapo nikaelewa pia tofauti ya kaida na tunu, dhana mbili ambazo wanafunzi huzichanganya kila mwaka. Tunu ni lile ambalo jamii inaliona kuwa jema na la kutamaniwa. Kaida ni namna ya kulifanya. Shekhe, mtani na mimi tulikuwa na tunu moja, heshima kwa marehemu. Kwa shekhe, heshima ni kumharakishia mwendo wake kwa Mola kama dini inavyoelekeza. Kwangu, heshima ilikuwa ukimya niliojifunza katika misiba ya mjini. Kwa mtani, heshima ni kumrudisha marehemu nyumbani kwa dakika tano, na kikohozi chake, na deni la fundi baiskeli, ili watu waagane na mtu waliyemjua badala ya kuagana na sanda. Kaida tatu zilizogongana zilikuwa na mzizi mmoja, na laiti ningalijua hivyo nisingalipaza sauti. Tena, mgongano ule unaonyesha kosa la kuuzungumzia utamaduni wa Wazaramo, au wa Waswahili, au wa Watanzania, kana kwamba una mdomo mmoja. Shekhe alikuwa Mzaramo pia, aliyezaliwa palepale. Baada ya kuzungumza, alingoja. Hakuondoka wala hakumlazimisha mzee atoke. Alingoja kama dakika tatu hivi, mzee akapanda juu, akakung'uta mchanga, akashika mkono wa kushushia mwili pamoja na wengine. Mapatano hayo ya kimya, kati ya dini na mila, yamekuwa yakifanyika pwani kwa vizazi, na sioni yakiandikwa vya kutosha.

Kosa langu lina jina katika sosholojia, na Sumner ndiye aliyelieneza: tabia ya kuifanya jamii yako kuwa kitovu na kuwapima wengine wote kwa kipimo cha kwenu. Tumezoea kuisikia ikisemwa juu ya wakoloni na wamisionari, nao walikuwa nayo kwa wingi. Lakini inaweza kukaa ndani ya mtoto wa dada wa marehemu, aliyesoma, anayezungumza lugha ileile na kula mihogo ileile. Dawa yake ni kujaribu kuielewa desturi kwa mantiki ya watu wanaoiishi kabla ya kuitolea hukumu. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, aliishi na Wazaramo huko Bunju katika miaka ya 1960, akashiriki maisha yao, na kazi yake hainipi orodha ya maajabu bali watu wenye sababu zao. Ninasisitiza maneno kabla ya kuitolea hukumu, kwa kuwa wako wanaodhani kwamba kuelewa ni kukubali kila kitu. Sikubaliani nao. Ukeketaji una mantiki yake katika jamii zinazoufanya, unafungamana na ndoa, heshima na umri, na ni lazima tuijue mantiki hiyo kama tunataka uishe. Lakini binti anayekatwa naye ni mwanajamii, na sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 inayokataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18 iko upande wake. Swali ambalo hunisaidia ni nani anaubeba uchungu wa desturi, na kama ana njia ya kusema hapana. Utani wenyewe unaweza kupimwa hivyo. Una sharti la kurudishiana. Bosi anayemdhihaki mfanyakazi wake kwa kabila lake mbele ya wenzake, akijua kwamba hawezi kujibiwa, hana utani wowote. Ametumia jina la kitu kizuri kufunika uonevu. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaowaandikia matusi mitandaoni watu wasiowajua na kumalizia kwa kusema ni utani tu.

Kuhusu vitu vinavyoshikika, nitasema machache. Wazaramo walikuwa na mwana hiti, sanamu ndogo ya mti ambayo mwali alikaa nayo wakati wa kuwekwa ndani. Leo sanamu hizo ziko katika makumbusho ya nchi za mbali, zimesimama nyuma ya kioo chini ya taa, na mti wake ni uleule, lakini hayupo mwali wala kungwi wala wimbo. Nikiiona picha yake hukumbuka kabati la mwalimu mkuu. Kitu hubeba maana pale tu kinapokuwa mkononi mwa watu wanaoijua maana hiyo; bakora ya mjomba, siku ile, ilikuwa mjomba, na baada ya arobaini ikawa tena bakora.

Mwaka 2019 yule mzee Mnyamwezi alifariki dunia. Alikuwa amefika Uzaramo kutoka Tabora wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, uliofanyika kati ya 1970 na 1975, akaoa palepale na hakurudi kwao tena. Taarifa ya kifo chake haikuletwa na mtu. Iliingia katika kundi la WhatsApp la familia saa moja asubuhi, na kabla ya saa tatu kulikuwa na poleni zisizohesabika na namba ya simu ya kutumia rambirambi. Katika msiba wa mjomba, miaka 15 nyuma, niliona wanawake wakija na unga na maharage kichwani na vijana wakiwa na kuni mabegani. William Ogburn aliandika mwaka 1922 kwamba vyombo na ufundi hubadilika upesi, na kaida huja nyuma zikihema. Sasa tunabishana kama aliyetuma elfu hamsini kwa simu bila kufika amezika au hajazika. Babu mdogo, ambaye sasa haoni vizuri, alikuwa na jibu lake: "Pesa hailii, na wala haishiki jembe." Vijana walimheshimu, lakini nauli na ruhusa za kazini nazo ni za kweli, na suala hilo bado halijapata kaida yake.

Mimi nilikwenda. Nilifika saa tisa usiku, nikakabidhiwa jembe bila kuulizwa, na tulichimba watu sita kwa zamu mpaka kulipopambazuka. Asubuhi, nikiwa nimekaa jamvini na udongo bado katika kucha, dada yake marehemu alitoka ndani. Alikuwa amezeeka sana, anashikiliwa na mjukuu. Alipita wote waliokaa mbele yangu, akaniwekea mapajani kofia ya kaka yake na redio ndogo ya betri ambayo mzee hakuiacha hata alipokwenda shambani, akasema, "Mtani, wanangu hawajanywa hata chai."

Nilisimama. Magoti yalikuwa yakitetemeka. Nilivaa ile kofia, nikaiweka redio begani kama alivyokuwa akiiweka, imeegemea sikio la kulia kwa sababu la kushoto halikuwa likisikia, nikaingia uani walikokuwa wakilia, nikauliza kwa lafudhi yake ya Tabora ni nani amechukua betri zangu.